109 na 47: Magari Mawili Uani kwa Babu, Nyarero

Hapa tumezoea kuhakiki vitabu, na najua wapo watakaouliza gari limeingiaje. Limeingia kwa simu. Mwezi Juni baba mdogo alinipigia kutoka Nyarero akasema, "Mura, kuna mtu wa Arusha amekuja kuangalia magari ya mzee. Anataka moja. Wewe ndiye umesoma, na kazi yako ni kuandika habari za watu. Njoo utuambie ipi bora, ili tujue tunabaki na ipi." Nikamwambia mimi si fundi. Akajibu kwamba mafundi watatu wameshaulizwa na kila mmoja amesema lake, kwa hiyo sasa wanatafuta mtu asiyejua kitu ila anajua kuuliza. Nikapanda basi.

Magari yenyewe yako uani kwa marehemu babu, chini ya mwerezi, yametazamana kama wazee wawili waliogombana. La kwanza ni Land Rover Series III ya 109, ya petroli, pick-up yenye turubai. Babu aliinunua mwaka 1981 kwenye mnada wa magari chakavu ya serikali. La pili ni Land Cruiser HJ47, pick-up ya dizeli, ambayo aliipata mwaka 1994 kutoka kwa mradi uliokuwa unafunga shughuli zake. Hayo ndiyo matini yangu mawili. Nimeyasoma kwa siku nne, nikayaendesha, nikayalalia chini, nikasoma vitabu vyake vya ufundi ambavyo babu aliviweka kwenye sanduku moja na cheti chake cha ubatizo.

Nianze na kilicho wazi. Kama hoja ni namba, mjadala umekwisha kabla haujaanza. Land Rover ile ina injini ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,286, inayotoa nguvu za farasi 70 hivi ikiwa mpya, na hii haijawa mpya tangu mimi sijazaliwa. Land Cruiser ina injini ya 2H, silinda sita, sentimita za ujazo 3,980, na nguvu za farasi zaidi kidogo ya 100. Lakini farasi wanadanganya. Kwa gari la mzigo cha kuangalia ni nguvu ya msokoto, ile inayoliondoa gari kwenye tope bila kupiga kelele, na hapo Land Rover ina Nm 160 na ushee wakati Land Cruiser ina kama 240. Mtu atasema Land Cruiser nayo ni nzito zaidi. Kweli, inakaribia kilo 1,900 au inapita, na Land Rover ni kama 1,500. Gawanya mwenyewe: hata ukitoa uzito, bado Land Cruiser inabaki na ziada. Na inaipata ziada hiyo injini ikizunguka polepole, ndiyo maana ukiwa umeketi ndani unahisi kama inakuvuta mtu asiye na haraka.

Tulizijaribu kwenye kilima cha nyuma ya nyumbani, kile cha kupandishia ndizi. Udongo wa Tarime wanaoujua wanaujua: ukikauka ni tofali, ukilowa ni sabuni. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha kidogo. Tukapakia mikungu ileile, tukaihamisha kutoka gari moja kwenda jingine, na binamu zangu wanne wakakaa juu kama ushahidi. Land Rover ilipanda kwa gia ya kwanza, nguvu ya magurudumu manne, kile kifimbo chekundu kikiwa kimevutwa kuelekea mwendo mzito. Ilipanda, sitaidhulumu. Ila ilipanda huku inasimulia: gia zinalia, bodi inagonga, harufu ya petroli inaingia kupitia sakafu, na mlango wa kushoto unafunguka wenyewe penye mtikisiko mkubwa, hadi baba mdogo akaufunga kwa kamba ya katani. Land Cruiser ilipanda kwa gia ya pili. Binamu waliokaa juu walikuwa wanazungumza mambo ya mpira.

Kwa hiyo ukiniuliza kama mhakiki wa namba, nimemaliza. Mafuta: 109 ya petroli inakunywa lita moja kwa kilomita tano au sita, na Land Cruiser inakwenda saba au nane kwa dizeli. Breki: za Land Rover zinataka uanze kuzikumbuka mapema. Usukani: wa Land Rover una nafasi ya mazungumzo kati ya mkono wako na tairi. Hakuna kipengele cha mwendo ambacho Mwingereza anamshinda Mjapani.

Lakini namba hazikukaa peke yake duniani. Magari haya yote mawili ni watoto wa Jeep ya Wamarekani ya wakati wa vita. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep chakavu shambani kwake Anglesey, huko Wales, akataka kutengeneza ya kwake. Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa kwa mgawo, aluminiamu ilikuwepo, basi bodi ikawa ya aluminiamu. Gari likaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Toyota walianza na BJ mwaka 1951, wakaipandisha hadi kituo cha sita cha Mlima Fuji, mahali ambapo gari halikuwa limewahi kufika. Mwaka 1954 wakaipa jina la Land Cruiser, na hilo jina lilichaguliwa kwa makusudi kushindana na Land Rover. Yaani uhasama umeandikwa kwenye ubavu wa gari.

Na angalia kilichofuata. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mkandarasi Leslie Thiess aliingiza Land Cruiser kwenye kazi za umeme wa maji wa milima ya Snowy, Australia, na Wajapani wakayatumia malalamiko ya kule kama shule. Kila kilichovunjika kikarudi nyumbani kikiwa kinene zaidi. Kwa upande wa pili, Land Rover ilibaki na eksili za nyuma ambazo mafundi wa dunia nzima walijua zinakatika, na injini ileile ya lita 2.25 kwa miongo miwili na zaidi. Walipokuja kutia injini ya V8 kwenye 109 mwaka 1979, waliibana hadi ikatoa farasi 91. Jamani, silinda nane, farasi 91! Kufikia wakati huo wateja wa Afrika na Australia walikuwa wameshaanza kuondoka. Siwaonei huruma waliokuwa wakiisimamia British Leyland miaka ile. Huruma yangu ni kwa waliobaki na magari yao.

Hapa ndipo babu anapoingia, kwa sababu alibaki na la kwao.

Alipoinunua 109 mwaka 1981, mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa. Ulifungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, na haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983. Kwa mtu wa Dar es Salaam hiyo ilikuwa habari ya redioni. Kwa Mkurya ilikuwa ni ukuta katikati ya ukoo, kwa sababu mstari ule wa Waingereza na Wajerumani uliwaacha ndugu zetu upande wa pili, na wakati mwingine ng'ombe wanalala Tanzania na kunywa maji Kenya. Upande ule, Thika, kulikuwa na kiwanda cha Leyland kilichounganisha Land Rover tangu katikati ya miaka ya 1970. Spea zilikuwa Nairobi. Upande wetu dukani kulikuwa na rafu.

Babu alipakia magunia ishirini ya mahindi, zaidi ya gari lilivyoandikiwa, akakata eksili. Kosa lake, alikiri hadi anakufa. Shangazi aliyeolewa upande wa Kenya ndiye aliyeleta nyingine, kwa miguu, ndani ya mzigo wa kuni, kwa sababu eksili ina urefu na umbo la kuni nzuri iliyonyooka. Alileta mbili. Babu akaifunga moja kwa spana tatu na jeki moja, kazi ya asubuhi moja, na ya pili akaificha kwenye paa la nyasi la jikoni. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi na watu wakawa wanatupa mali vichakani usiku, bibi alimwambia aitoe ile chuma juu ya moto wake kabla haijampeleka jela. Hakuitoa. Bado ipo, ina masizi ya miaka arobaini. Niliipangusa kwa gazeti, ikang'aa.

Nasimulia haya kwa sababu waandishi wengi wa magari, hasa wa Ulaya, wanaposema Land Rover inatengenezeka kirahisi wanalisema kama sifa ya tabia, kama vile gari lina roho nzuri. Si roho. Ni bolti. Kila kipande cha bodi ya 109 kimefungwa kwa bolti au ribiti, kwa hiyo unaweza kuvua bawa la mbele ukiwa umeketi chini ya mti. Eksili za nyuma unazichomoa kutoka pembeni bila kushusha difu. Gari limebuniwa kama vile mbunifu alijua litavunjika, na kwa mtu aliyefungiwa mpaka, mbunifu wa aina hiyo ni bora kuliko yule anayeahidi halitavunjika kamwe. Land Cruiser haivunjiki, sawa. Lakini siku pampu yake ya dizeli inapochoka, hakuna shangazi atakayeibeba kwenye mzigo wa kuni na hakuna fundi wa chini ya mti atakayeifungua akairudisha ilivyokuwa. Inakwenda Mwanza. Ilikwenda mwaka 2009, ikakaa huko miezi miwili.

Kutu nayo. Aluminiamu haishiki kutu, na bodi ya 109 imebonyea kila mahali lakini haijatoboka. Ya Land Cruiser ni chuma. Sakafu upande wa abiria imeshachomelewa mara tatu na ukitazama chini unaona Tarime inapita. Wapenzi wa Land Rover wanapenda kuishia hapo. Hawasemi kwamba chasisi ya Land Rover ni chuma vilevile na inaoza kwa ndani, kimyakimya, nyuma ya ile bodi nzuri isiyooza. Fundi mmoja aliniletea nyundo nijigongee. Upande wa kulia nyuma, nyundo iliingia.

Sasa kuna usiku mmoja ambao kila mtu nyumbani anautumia kama ushahidi, na kila mtu anautumia kuthibitisha lake. Ni mwaka 2003, nina miaka kumi na mitatu, mwezi wa nne, mvua. Mama alishikwa na uchungu usiku wa manane. Gari la kutumika lilikuwa Land Cruiser, bila ubishi. Ila baba mdogo, ambaye wakati ule alikuwa kijana na ndiye alikuwa na ufunguo, alikuwa ameacha taa zinawaka alipokuwa anasikiliza redio, betri ikalala. Dizeli ya silinda sita hutaiwasha kwa mkono, na kuisukuma kwenye tope lile ilishindikana: tulikuwa watu tisa, ikateleza ikaegemea migomba.

Babu hakusema kitu. Akachukua hendeli, akaipitisha kwenye tundu la bampa la Land Rover, akavuta soki, akazungusha. Mara ya tatu ikawaka. Nakumbuka sauti ile kuliko ninavyokumbuka sauti yake yeye. Mama akapandishwa nyuma chini ya turubai, bibi pembeni yake, mimi nikiwa nimeshika taa ya chemli. Tukaenda vizuri hadi kwenye kijito. Babu akaingia majini kwa kasi, mawimbi yakarukia injini, na injini ya petroli maji yakifika kwenye plagi na waya zake haina majadiliano. Ikazima katikati. Maji yanapita chini ya miguu yetu, mama anaomba, babu amefungua boneti anafuta waya kwa shati lake, kisha kwa fulana, kisha akaniambia nivue yangu. Sijui ilichukua muda gani. Bibi anasema dakika kumi, mama anasema saa mbili. Ikawaka. Dada yangu alizaliwa tukiwa tumeshaona taa za hospitali, kabla ya geti.

Baba mdogo anasema: mnaona, Land Rover ndiyo iliyowaka. Binamu yangu mkubwa anasema: mnaona, Land Cruiser isingezima mtoni. Wote wako sahihi, na kwa kweli usiku ule haukuwa mtihani wa magari. Ulikuwa mtihani wa betri na wa mguu wa babu kwenye mafuta. Lakini kama mhakiki nililazimika kuukubali kama ushahidi, kwa sababu unaonyesha kitu ambacho jedwali la namba halionyeshi: Land Cruiser ina sehemu chache za kushindwa, na ikishindwa imeshindwa kabisa. Land Rover inashindwa kila mara, kidogokidogo, na kila kushindwa kwake kuna dawa ambayo mtu mzima anaweza kuishika kwa mkono wake, hata kama dawa yenyewe ni fulana ya mtoto.

Kuna habari nyingine ambayo magari haya yanaibeba, nayo ni ya nani alikuwa anakuja ndani yake. Ukisoma simulizi za Serengeti zilizoandikwa na wageni, Land Rover ni gari la mapenzi. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipohesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege yao yenye milia ya pundamilia, na Michael akafa ndege ilipoanguka Januari 1959, filamu yao iliyoshinda Oscar ilisaidia kuifanya mbuga ile kuwa mali ya hisia za dunia. Tangu hapo nchi kavu yenye nyasi na Land Rover moja imekuwa picha ya uhuru kwa watu wa mbali. Upande wetu wa mto Mara, picha ni nyingine. Land Rover ilikuwa ni bwana shamba, bwana mifugo, mkuu wa wilaya, na zaidi ya yote polisi. Wazee wa Nyarero waliozoea misako ya wizi wa ng'ombe walikuwa wanaitambua sauti ya 109 ikiwa bado ng'ambo ya kilima, na kuna boma zilizokuwa zinahama kabla haijafika. Bibi aliniambia siku babu alipoingia nayo uani mara ya kwanza, ikiwa bado na rangi ya serikali, majirani wawili walikimbia.

Land Cruiser ilikuja na lugha tofauti. Mradi, wafadhili, semina, bahasha. Na ilipokua ikanenepa, ikapata viyoyozi na vioo vyeusi, Watanzania wakaipa jina lake halisi: shangingi. Nalipenda neno hili kama msomaji, kwa sababu halikutoka katika kamati yoyote ya lugha. Lilikuwepo tayari kwa mwanamke mjuzi wa mjini asiyeona haya, likahamishiwa kwenye gari la mkubwa, na kila aliyelisikia akaelewa papo hapo kwamba halisemi habari za injini. (Kwamba tusi la wanawake ndilo lililobebeshwa ufisadi wa wanaume, hilo nalo liandikiwe makala yake.) Hakuna jina la namna hiyo kwa Land Rover. Tuliiogopa, lakini hatukuicheka. HJ47 ya babu si shangingi, ni punda, lakini ni wa ukoo huohuo, na baba mdogo hutaniwa nalo kila akishuka sokoni.

Oktoba 2024 Arusha walifanya tamasha la Land Rover, lengo likiwa kukusanya magari zaidi ya 1,000 na kuipita rekodi iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018, ya magari 632. Niliziona picha. Zilikuwa nzuri, na nikakasirika kidogo, sikujua kwa nini hadi nilipokutana na yule mnunuzi.

Alikuja siku yangu ya tatu. Kijana mpole, anajua anachokisema, hakuna hila. Land Cruiser aliizunguka mara mbili, akalala chini, akasikiliza injini, akataja bei iliyomfanya baba mdogo aketi. Kumbe HJ47 zinatafutwa na watu wa nje, wazirudishe kama mpya. Kwa 109 alitaja kama robo ya hiyo, baada ya kugonga chasisi. Nikamuuliza ataifanyia nini. Akasema kuna hoteli inataka gari la zamani la kuweka kwenye bustani, waliwekee maua nyuma, wageni wapigie picha. Injini ataiuza peke yake.

Usiku ule kikao kilikaa jikoni kwa bibi, chini ya ile eksili. Nilisoma nilichokuwa nimeandika, kurasa nne. Hukumu yangu ilikuwa hii, na bado nasimama nayo: Land Cruiser ni gari bora. Ni bora kwa nguvu, kwa mafuta, kwa mzigo, kwa usalama, na siku hizi ni bora hata kwa spea, maana spea za Toyota unazipata Tarime mjini hadi Sirari, mpaka uko wazi, na shangazi hana haja ya kubeba kuni. Sababu zote zilizoifanya Land Rover istahili kuwa ya babu zilikuwa sababu za mwaka 1981. Ubora wake ulikuwa ubora wa dhiki, na dhiki ile imepita, zimekuja nyingine. Kwa hiyo wabaki na Land Cruiser, inayobeba ndizi mara tatu kwa wiki na kuleta hela ya chumvi. Land Rover iende, hata kama ni kwenye maua.

Bibi alisikiliza yote. Akauliza kama nimeandika pia kwamba gari zuri ndilo linalouzika. Nikasema hapana. Akasema basi sijamaliza.

Aliyemaliza ni dada yangu, yule wa usiku wa kijito. Yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na ada ya mwaka huu, na ya ujao, ndiyo iliyomleta yule kijana wa Arusha kwenye ua wetu, jambo ambalo baba mdogo hakunitajia kwenye simu. Alizungumza kwa adabu, macho chini. Alisema, "Kaka, makala yako nzuri. Ila mimi ada nalipa kwa bei ya gari, silipi kwa ubora wake." Binamu mkubwa akasema ndizi zinaweza kukodiwa Canter. Baba mdogo akasema Land Rover haiendi kupandwa maua wakati yeye yu hai. Hakuna aliyepiga kura, ikawa imeamuliwa, na ripoti yangu ikatumiwa kuwashia moto wa chai. Sijawahi kuhaririwa vikali hivyo.

Jumamosi mnunuzi alirudi na dereva wake na hela. Kabla hawajaondoka baba mdogo akawaomba kitu kimoja: 109 haina leseni wala tairi la mbele la kuaminika, fundi wa kuchomelea chasisi yuko ng'ambo ya kilima, je, wangeivuta hadi pale? Kijana akacheka, akakubali. Tukafunga kamba. Baba mdogo akakaa kwenye usukani wa Land Rover, mlango umefungwa kwa katani, dada yangu pembeni yake. Land Cruiser ikaingia gia ya pili, ikapanda kilima na kuivuta, bila kubadili sauti.